Seli Tupu

Neno la kwanza nililofundishwa upya ni seli.
Nikacheka. Seli nazijua mimi:
nilizihesabu miaka sita kwenye hadubini, Nyegezi,
mwani umejikunja kama shanga zilizokatika uzi,
tone moja la ziwa, asubuhi nzima.
Maduhu akatikisa kichwa, kijana wa watu,
rika la kitinda mimba wetu:
"Hizi ni za jedwali, mama. Bonyeza hapo. Andika."

Tuko saba, chumba cha juu, Pasiansi,
chini yetu duka la nyavu na maboya;
ngazi zote zinanuka nailoni mpya.
Nyanjige alikuwa mtu wa udongo
kabla mumewe hajahamishiwa Kibondo.
Winfrida alipima damu,
akaomba likizo ya mimba moja, zikafika nne.
Mimi niliondoka siku mama mkwe alipoanguka bafuni.
"Wiki mbili tu," nilimwambia mkuu wa kituo.
Zikawa miaka kumi na mmoja,
na koti langu jeupe nikalikaangia maandazi.

Vidole hivi ni vya kuparua sato,
vya kugeuza mgonjwa, ubavu hadi ubavu.
Kipanya kinanitoroka kama panya kweli.
Naandika mstari, mashine inajibu kwa wekundu:
kosa, mstari wa tatu.
Kosa gani? Nakodoa macho saa nzima.
Koma. Koma moja, imekaa kiti cha nukta.

Jumatano nikaja na sanduku la bati.
Madaftari tisa, mende wameyala pembe,
mwandiko wangu wa usichana umeinamia kulia:
tarehe, upepo, na kina ambacho sahani nyeupe na nyeusi,
ukiishusha kwa kamba, inapotea machoni.
Maduhu aliyapokea kama mtu aliyepewa kichanga.
"Ingiza," akasema.

Nikaingiza. Siku nne.
Moja nukta saba. Moja nukta sita. Nukta saba tena.
Hadi ukurasa wa mwisho, Oktoba,
doa la chai, kisha weupe.
Safu ikaendelea kushuka bila mimi,
miezi juu ya miezi, seli tupu;
hakuna aliyeishusha sahani ghubani.
Aibu ikanishika. Nikaanza kujaza
sifuri, sifuri, sifuri,
mbio mbio, kama anayefuta nyayo.

"Usifanye hivyo," Maduhu akasema.
"Sifuri ni kwamba ulipima, ukakuta hakuna.
Hapa hukupima. Acha tupu. Mashine itaelewa."

Nikatoka, nikasimama ngazini.
Pale chini mama mmoja alikuwa akipima wavu
kwa mikono miwili iliyotanuka, pima kwa pima,
akihesabu kwa Kisukuma, hataki kusemeshwa.
Nami nikahesabu:
dripu, matone ishirini kwa dakika;
homa ya saa nane usiku, kwa mgongo wa kiganja;
hamira, kwa macho;
na jina langu, alivyolipoteza bibi yule polepole,
akabaki kuniita Nesi,
halafu Wewe,
halafu akawa ananitazama tu.
Hayo hayana safu.
Sijui ningeyapa kipimo gani.

Niliporudi umeme ukakatika, feni ikafa,
Winfrida akapaza sauti gizani: "Ulihifadhi?"
Wote saba tukanyamaza.
"Nilihifadhi," nikasema,
na sikuwa na hakika hata kidogo.

Jumamosi nimekodi mtumbwi Luchelele.
Sahani ni kifuniko cha ndoo, nimekipaka rangi robo kwa robo,
kina jiwe kwa chini.
Nimekishusha. Weupe ukawa kijani, ukawa moshi,
ukaisha.
Nimebana kamba palepale ilipogusa maji,
moja nukta moja,
ziwa zito kuliko nilivyoliacha.
"Mwangaluka, mama," wanasema wavuta nyavu, wakipita karibu.
Mvulana wa kasia anauliza tunavua nini.
Subiri, namwambia, nisisahau namba.
Natafuta penseli kwenye nywele.